Mtafute Mwenye Jina: Namna ya Kusoma Picha za Vitabu vya Kale vya Falaki

Ukifungua vitabu vya falaki vilivyochapwa Ulaya miaka ya 1500 na 1600, mara nyingi utakutana na mwanamke kwenye picha ya mwanzo. Usikimbilie kusema kwamba zama zile wanawake walithaminiwa katika sayansi. Angalia kwanza nani ameandikwa jina la mtu. Mara nyingi huyo mama ni Urania au Astronomia: elimu yenyewe iliyovishwa gauni.

Chukua jedwali za Kepler, Tabulae Rudolphinae, za 1627. Picha yake ni hekalu. Kati ya nguzo wamo Hipparchus, Ptolemy, Copernicus na Tycho Brahe, wanaume waliopata kuishi. Juu ya paa wamepangwa miungu wa kike. Ikuze picha umtazame yule aliyezungushiwa tarakimu kichwani: 6931472. Hizo ni tarakimu za logi asilia ya 2. Basi huyo si mtu, ni hesabu. Kepler mwenyewe yuko chini kwenye msingi, mezani, anafanya kazi kwa mwanga wa mshumaa.

Kisha uliza mwanamke wa pichani anamtetea nani. Katika Almagestum Novum ya Riccioli, 1651, ameshika mizani, upande mmoja mfumo wa Copernicus, upande wa pili wa Riccioli. Uliozidi uzito ni wa Riccioli, mwenye kitabu! Hakimu wa namna hiyo sote tunamjua.

Mwisho tazama mikono. Katika Machina Coelestis ya Hevelius, 1673, kuna picha ya sekstanti kubwa yenye watu wawili, Hevelius na mkewe Elisabetha. Hakuwekwa pale kuwa pambo. Chombo kile kilipima pembe kati ya nyota mbili, kila mtu akilenga yake kwa wakati mmoja. Mmoja akikosekana, kipimo hakuna. Hevelius alifariki 1687, na ni Elisabetha aliyeitoa orodha yao ya nyota zaidi ya 1,500, mwaka 1690.

Lakini picha peke yake haitoshi, soma na dibaji. Maria Cunitz wa Silesia alizirahisisha jedwali za Kepler katika kitabu chake Urania Propitia, 1650. Jina lake lilikuwa juu ya kitabu, na bado mumewe alilazimika kuwahakikishia wasomaji kwamba kazi ile haikuwa yake, ni ya mkewe.