SOMO LA MADEREVA: INJINI INAYOVUMA TUKIPUNGUZA MWENDO



Lori kuukuu la dizeli linatoka Dzaleka kwenda Lilongwe, wenzetu wamekaa nyuma juu ya magunia. Dereva anaondoa mguu kwenye akseleta, lakini injini inazidi kuvuma. Hapo tukanyage klachi na breki, tusimame kando, ndipo tuzime. Tusizime lori likiwa mwendoni, kwani breki huweza kukosa nguvu.

Kisha tutafute sababu kwa utaratibu:

1. Pedali: je, mkeka au mchanga umeizuia?

2. Waya wa akseleta: una kutu? Tuusafishe, tuutie oili. Ukichanika, ubadilishwe.

3. Springi ya kurudisha mkono wa pampu: imelegea? Iwekwe mpya. Tusifunge mpira wa tyubu. Hulegea kwa joto.

4. Mkono umerudi mpaka mwisho na injini bado inavuma? Huenda kosa liko ndani ya pampu, kwenye gavana. Tusiifungue njiani, tumwachie fundi wa pampu.

Springi ni kitu kidogo, roho za watu si kitu kidogo. Tajiri akisema, "Endesha hivyo hivyo," tujibu kwa umoja: lori haliondoki mpaka litengenezwe.