Kabla Hujapiga Windows

Mezani kwangu hapa Rau, Moshi, laptopu karibu zote huletwa zikiwa zimeshapewa jina la ugonjwa: virusi. Ikiwa nzito, virusi. Ikijizima, virusi. Na dawa nayo imeshachaguliwa njiani: "Nipigie Windows, fundi," yaani ifute na kuisakinisha upya. Baadhi yake ni virusi kweli. Nyingi ni umri, vumbi na joto. Haya ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu ninayoyatoa nikipata nafasi ya kuongea bila foleni mlangoni.

Laptopu yangu ni ya mwaka 2013, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Nikiiwasha, nachemsha chai na kuinywa kabla Word haijafunguka. Walimu wenzangu wanasema imeshika virusi.

Mwalimu, iangalie kwanza inafanya nini. Iwashe, usifungue chochote, iache dakika kumi itulie. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha lenye safu za asilimia: prosesa, ramu, diski. Ikiwa safu ya diski imeganda kwenye 100 huku prosesa ikiwa haina kazi ya maana, mtuhumiwa wa kwanza ni diski yenyewe. Laptopu nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani na diski ya sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Diski hiyo ikichoka, hurudia kusoma sehemu ileile mara nyingi mpaka ielewe kilichoandikwa, na wewe unaona mashine imeduwaa.

Ipo programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayosoma taarifa ambazo diski inajiandikia kuhusu afya yake. Ikionyesha njano au nyekundu, achana na habari za virusi kwa siku hiyo. Nakili mitihani, matokeo na picha zako kwenye diski nyingine. Kukagua virusi ni kuisoma diski nzima, na diski iliyo mahututi inaweza kufia palepale kwenye ukaguzi. Nimeona watu wakipoteza kazi za miaka kwa kuanza na ukaguzi wakati walipaswa kuanza na nakala.

Ikibidi kubadilisha diski, weka SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka. Hakuna matengenezo mengine ambayo mteja wangu huyaona kwa macho yake namna hiyo, na bado ni nafuu kuliko kununua laptopu nyingine iliyotumika. Ramu ya GB 4 ikiongezwa hadi GB 8 inasaidia pia, lakini nikilazimishwa kuchagua kimoja nachagua SSD.

Halafu joto. Januari na Februari Moshi inawaka, vumbi linapanda, na barabara zetu za ndani unazijua. Feni hulivuta lile vumbi na kulishindilia kwenye mapezi ya kupoozea mpaka linakuwa kama blanketi. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ikizidi, mashine inazima ghafla. Weka kiganja kwenye tundu la hewa: feni inalia kwa nguvu lakini upepo hautoki? Hiyo ni kazi ya brashi na pesti mpya ya joto, Windows haihusiki. Na tafadhali usiitumie juu ya godoro.

Jambo la mwisho ni betri. Laptopu nyingi za umri huo betri zimeshakufa, zinaishi kwa chaja tu. TANESCO wakikata umeme katikati ya kuhifadhi faili au kusasisha Windows, mafaili ya mfumo yanaharibika nusunusu. Kesho yake inawaka kwa shida, na lawama inakwenda kwa virusi.

Kila tovuti ninayofungua inaniambia si salama, hata ya benki. Mimi ni mhazini wa usharika, naogopa kuibiwa.

Mama, tazama saa kwenye kona ya chini. Kama inasema tuko mwaka 2012, tumemaliza. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikiwa nyuma miaka kumi na zaidi, kivinjari kinaona vyeti vyote havijaanza kazi. Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Imeisha. Ibadilishe, rekebisha tarehe, jaribu tena. Ila saa ikiwa sahihi na onyo likabaki kwenye tovuti ya benki peke yake, usiingize nywila yako. Ipigie benki simu.

Nikiandika "mzee" inatoka "myee". Ni virusi gani hivyo?

Ni Kijerumani. Laptopu nyingi zinazoachwa na wageni wa kujitolea, au zinazokuja na mizigo ya mtumba wa Ulaya, zina kibodi ambayo Z na Y zimebadilishana nafasi. Windows yako imepangwa kwa kibodi ya Kiingereza, vitufe vimechapwa kwa Kijerumani. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, ongeza kibodi ya Kijerumani, au zoea tu.

Shikamoo fundi. Nasoma Chuo cha Ushirika. Nimepeleka flashi steshenari kuchapa utafiti, niliporudi mafaili yote yamegeuka njia za mkato. Nikibofya yanafunguka, lakini flashi ya mwenzangu nayo imeanza vilevile.

Marahaba. Huyu sasa ni virusi kweli, na acha kubofya. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Zile njia za mkato ulizoziona zinafanya kazi mbili: zinafungua faili lako ili usishtuke, na wakati huohuo zinaiendesha programu mbaya iliyojificha kwenye flashi. Kila bofyo ni ruhusa.

Ujanja huu una historia. Mwaka 2008 mnyoo ulioitwa Conficker ulizunguka dunia nzima, na moja ya njia zake ilikuwa flashi: ukiichomeka tu, Windows ya wakati huo ilikubali kuendesha kilichomo. Mwaka 2011 Microsoft waliuziba mlango huo kwenye matoleo ya zamani. Tangu hapo waandishi wa virusi wanamhitaji mtu abofye, na njia ya mkato yenye jina la utafiti wako ni chambo kizuri kuliko chote.

Wala usidhani ni mchezo wa watoto. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Mandiant, iliyo chini ya Google, ilieleza kuhusu programu ya ujasusi iitwayo Sogu, inayohusishwa na wadukuzi wa China, iliyokuwa ikisafiri kwa flashi na kuingia kwenye ofisi za mashirika, nyingi zikiwa Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mahali ilipokuwa ikiokotwa ni palepale ulipopeleka utafiti wako: kompyuta za watu wote, kwenye maduka ya kuchapa na vibanda vya intaneti. Simlaumu mwenye steshenari. Kompyuta yake inachomekwa flashi kutwa nzima, na foleni haimpi nafasi ya kukagua kila moja.

Fanya hivi. Safisha laptopu kwanza, maana flashi ukiisafisha kwenye mashine yenye virusi itachafuka tena papo hapo. Kisha fungua kidirisha cha amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia) na, kama flashi yako ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatajitokeza. Nakili yale unayoyatambua, hati na picha tu, halafu umbiza flashi. Kuanzia hapo kuwa na flashi moja ya steshenari ambayo haina kingine zaidi ya PDF ya kuchapwa siku hiyo, au itume kwa barua pepe.

Nitaisafishaje laptopu yenyewe? Nimejaribu kuwasha kinga ya Windows, inajizima.

Kinga inayojizima ni moja ya dalili ninazoziamini. Nyingine ni prosesa kufanya kazi kubwa wakati hujafungua kitu, ukurasa wa kwanza wa kivinjari kubadilika kila ukiurekebisha, na marafiki kupokea ujumbe ambao hukuutuma.

Zima intaneti. Nakili hati zako nje, usinakili programu. Kisha, ndani ya Microsoft Defender, tafuta ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline. Huo huiwasha mashine upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo virusi havipati nafasi ya kujitetea. Unachukua kama robo saa kwenye mashine nzuri. Kwenye diski ya sahani, jipe muda zaidi na uhakika wa umeme. Baada ya hapo rudisha intaneti, pakua Malwarebytes kutoka kwa wenyewe, toleo la bure, upate jicho la pili. Ondoa viongezi vya kivinjari usivyovikumbuka.

Nywila badilisha kwa kutumia kifaa kingine, simu yako kwa mfano, na utoke kwenye akaunti zote kila mahali. Ukibadilisha nywila kwenye laptopu ambayo bado ina mdudu, umempa mwizi ufunguo mpya.

Ikigoma baada ya hayo yote, hapo ndipo napiga Windows. Sibishani tena.

Kuna kisanduku kinatokea pembeni: "Una virusi 5, piga namba hii." Nipige?

Usipige. Ni arifa za tovuti uliyowahi kuibonyezea "ruhusu" bila kusoma. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, futa tovuti usizozijua. Ukipiga, watakuomba usakinishe programu ya kuwapa mashine yako, kisha pesa.

Fundi anataka kunipigia Windows leo jioni. Nimuulize nini?

Muulize Windows hiyo anaitoa wapi. Zile "activator" tulizozoea, na Office iliyokrekiwa, karibu zote huanza na sharti moja: zima kinga. Mtu akuombe ufunge mbwa kabla hajaingia uani, wewe ungeelewaje? Virusi vya kufunga mafaili vya familia iitwayo STOP, au Djvu, vimejijengea jina kwa kusafiri ndani ya programu za namna hiyo. Mafaili yako yakishapata mkia wa ajabu kwenye majina na barua ya kudai dola, usilipe haraka wala usiyafute. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, una funguo za bure za baadhi ya aina hizo.

Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 10 mara nyingi ufunguo wake umehifadhiwa kwenye ubao mama. Ikipigwa kwa nakala halali ya toleo lilelile kutoka Microsoft, inajiwezesha ikipata intaneti. Muulize fundi kama ameliangalia hilo.

Muulize pia mafaili yako ataweka wapi, na uyaone kabla hajafuta diski. Nywila ya barua pepe hana haja nayo. Kupekua mafaili ya mteja bila ruhusa kunaweza kumfikisha pabaya kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ingawa mimi ningetegemea zaidi kukaa naye kwenye benchi mpaka amalize.

Windows 10 nasikia imekufa. Laptopu yangu haikubali Windows 11.

Microsoft waliacha kuisasisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na ipo njia ya kufanya hivyo bila kulipa. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Ujanja wa kulipita sharti hilo upo, ila sipendi kumkabidhi mteja mashine ambayo Microsoft hawaahidi kuisasisha.

Kwa anayeandika barua, mitihani na kufungua intaneti, napendekeza Linux Mint, toleo la Xfce. Ni ya bure, ni nyepesi, na virusi vya steshenari vimeandikwa kwa ajili ya Windows. LibreOffice inafungua hati za Word, ingawa jedwali lililopangwa kwa madoido linaweza kuvurugika, na ukitegemea Excel yenye programu ndani yake, baki Windows. Mint inaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Njoo nayo, tuiwashe hivyo, uichomeke printa yako na modemu yako. Printa ikikubali kuchapa, ndipo tuzungumze kuhusu kuisakinisha.