SOMO LETU: NYANYA NDANI YA NDOO

Wengi wenu mna kiwanja kidogo tu kando ya nyumba, na pengine ni cha mawe. Je, mtapanda nini hapo? Safari hii tuzungumze juu ya nyanya. Nyanya haidai ekari. Inadai chombo, jua la masaa sita au zaidi kwa siku, na mtu wa kuikumbuka kila siku.

Ndoo kuukuu ya lita 20, debe, mtungi wa plastiki uliokatwa juu, hata gunia, vyote vyafaa. Mche mmoja kwa ndoo moja. Tunajua kuna watakaotia mitatu, kwa hiyo tunasema tena: mmoja. Toboeni matundu matano au sita chini, maana mizizi ikikaa majini huoza. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu msikitumie hata kikioshwa mara kumi.

Udongo ndio somo lenyewe. Changanyeni makarai mawili ya udongo wa juu, moja la mbolea ya boma iliyooza kabisa, na moja la mchanga wa mtoni. Hapa ndipo ndoo inapolishinda shamba. Mahali palipozoea kupandwa nyanya, viazi au biringani, mara nyingi pana ugonjwa wa mnyauko: mche ulio kijani kabisa unalala ghafula mchana, na baada ya siku chache umekufa. Ugonjwa huo hukaa udongoni miaka, na mche ulioshikwa hauponi kwa dawa. Basi chimbeni udongo pale ambapo mimea hiyo haijapandwa, kama kando ya ua au penye nyasi. Mkijaza ndoo udongo wa shamba lile lile lenye ugonjwa, mmembeba adui mkamleta mlangoni.

Kuhusu mbegu, Cal J na Rio Grande hubaki fupi. Money Maker hurefuka, nayo lazima ifungwe kwenye mti na kupunguzwa machipukizi yanayotoka kwapani mwa majani. Mkisia kitaluni mwanzoni mwa Oktoba, miche itahamishwa katikati ya Novemba, na mwishoni mwa Januari au Februari mtaanza kuchuma, wakati wa jua kali. Hamisheni jioni, na mfukie shina mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la nyanya likifukiwa huota mizizi.

Novemba na Desemba watoto wako likizo. Kikundi kikikutana Jumamosi alasiri chini ya mti, leo kwa mama huyu, juma lijalo kwa yule, kazi ya kufunga na kupunguza machipukizi ni ya saa moja tu. Inayobaki ni chai na mazungumzo, na hayo nayo si hasara! Watoto wapeni kazi ya kutikisa matawi yenye maua polepole asubuhi, ili chavua ianguke na matunda yashike.

Sasa maji. Wakati wa kiangazi ndoo moja yenye matunda hutaka kama lita 2 kwa siku. Ndoo kumi ni lita 20, yaani mtungi mzima kila siku, kilo 20 mgongoni mwa mtu. Nani huyo? Katika nyumba nyingi tunamjua. Kwa hiyo hatuwashauri mwanzie ndoo kumi. Anzeni tatu au nne, tandazeni majani makavu juu ya udongo, na mtumie maji yaliyooshea mboga na mchele. Mwagilieni chini, si juu ya majani, maana majani yakilowa hukaribisha bakajani, ule ugonjwa unaoyaacha kama yamepitiwa na moto. Tena msimwagilie leo sana na kesho kutwa kidogo. Maji ya kubahatisha ndiyo huifanya nyanya ioze kitakoni kabla haijaiva.

Kuna pia kipekecha anayeitwa Tuta absoluta, aliyeonekana Kenya mwaka 2014. Huchora njia nyeupe ndani ya majani na kutoboa matunda. Faida ya ndoo chache ni kwamba mnaweza kukagua kila jani, kuling'oa lenye njia hizo na kulichoma siku hiyo hiyo.

Mche uliotunzwa vizuri ukitoa kilo 2 au 3 kwa majuma kadhaa, hiyo ni mboga ya nyumbani. Utajiri haumo humo, na atakayewaambia umo msimpe pesa za kikundi.

Maswali ya kujadiliana:

Je, katika kijiji chetu ni wapi tunaweza kupata udongo ambao haujaota nyanya wala viazi?

Je, miche ya kikundi itasiwa katika kitalu kimoja, au kila mtu na chake? Nani atakikagua katikati ya juma?

Je, mtungi wa maji ya nyanya utabebwa na nani, na mtu huyo ameulizwa?