Moshi wa Jikoni na Uzee wa Seli

Mwanamke apikaye kwa kuni juu ya mafiga huvuta moshi kila siku, mara nyingi tangu utotoni alipoanza kumsaidia mama yake. Madhara ya moshi huo kwa macho, mapafu na moyo yanajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Siku hizi wanasayansi wanachunguza swali jingine: je, moshi huzeesha hata seli za mwili kabla ya wakati wake?

Kuni zisipoungua barabara hutoa gesi ya kaboni monoksidi na chembe ndogo sana za masizi. Chembe zisizozidi maikromita 2.5, ambazo ni nyembamba kuliko unywele kwa takriban mara 30, hupenya hadi vifuko vya hewa vya mapafu. Hapo huamsha molekuli kali za oksijeni ziwezazo kudhuru seli.

Ndani ya kiini cha seli mna kromosomu. Kila ncha yake hukingwa na telomea, kama kibati cha ncha ya kamba ya kiatu kinavyoizuia isifumuke. Katika seli nyingi, kila zigawanyikapo telomea hufupika. Zikiwa fupi mno, seli huacha kugawanyika. Huo ndio uzee wa seli. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kueleza jinsi telomea zinavyokinga kromosomu. Telomea zina guanini nyingi, nayo huharibiwa kwa urahisi na molekuli kali zilizotajwa. Kwa hiyo moshi waweza kuharakisha ufupikaji huo.

Hata hivyo, kuweza si kuthibitika. Tuseme telomea za wapikao kwa kuni zimeonekana fupi kuliko za wapikao kwa gesi. Huenda chanzo ni umri, lishe duni au tumbaku. Mtafiti hana budi kulinganisha wanawake walio sawa katika mambo hayo, na kuwafuatilia kwa miaka.

Jikoni, lakini, hakuna haja ya kungoja. Mkakati wa Tanzania wa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa sasa, kuni kavu na jiko lenye bomba la kutolea moshi nje hupunguza madhara.

Zoezi: Mkaa hutoa moshi mchache. Kwa nini basi ni hatari kuuwasha katika chumba kilichofungwa?