Eda Imekwisha, Huzuni Ingalipo

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana, na eda nimeimaliza, lakini kila nichekapo na wajukuu najiona nimemkhini marehemu. Nifanyeje?
Mjane, Tanga

JIBU: Bibi mtukufu, sharia, ambayo imemwekea mjane asiye na mimba eda ya miezi 4 na siku 10, na kwa maiti mwingine yeyote ikampa mwanamke siku 3 tu za kuomboleza, haikukusudia kuukataza moyo usikumbuke, maana Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, ilikusudia kuiwekea huzuni mpaka, ili aliye hai asizikwe pamoja na aliyekufa. Basi kicheko chako si hiana, bali ni shukrani kwa neema iliyobaki mikononi mwako. Nguo za marehemu, warithi wakiridhia, zitoe sadaka. Muombee dua baada ya sala. Kisha, wajukuu wakujiapo, wasikilize kwa moyo wote, usiwafananishe na siku zisizorejea. Wahenga walituusia kuganga yajayo. Nami nakunasihi uanze na ya leo, kwani marehemu hapungukiwi na kitu kwa furaha yako, na watoto hao hawatakuwa wadogo daima.