Nyumba ya shamba: kagua paa kabla ya kuingiza mbolea

Vijana wa Mpanda, mvua ziko njiani, na wengi mnarudi kwenye nyumba za shamba mlizofunga tangu mavuno. Mwaka juzi niliingiza mifuko sita ya urea siku ileile niliyofungua mlango. Usiku mvua ikapiga. Asubuhi minne imeganda kama mawe, nyingine imeshayeyuka na kwenda na maji. Msumari mmoja tu wa bati ulikuwa umelegea!

Siku hizi naingia mchana, nafunga mlango na madirisha, natazama juu. Panapopenya mwanga ndipo maji yatapita: weka msumari wenye mpira, tundu ziba kwa lami. Gonga nguzo chini kabisa. Ikilia kama debe tupu, mchwa wameshamaliza. Mbolea ikae juu ya chaga, isiguse ukuta. Rundo la matofali nje usilifumue kwa mikono, nyoka hulala humo.