Fahamu Afya Yako: Bakteria Wanavyohama na Kuzoea Dawa

Je, mkaazi, umewahi kumeza dawa iliyokuponya zamani na safari hii isifanye kazi? Huenda bakteria wamekuwa sugu.

Mwaka 2016, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzao wa Israeli walionyesha jinsi usugu unavyoanza. Walitengeneza sahani yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, wakaijaza chakula laini ambamo bakteria huweza kuogelea. Pembeni hapakuwa na dawa. Sehemu iliyofuata ilikuwa na dawa kidogo, kisha mara 10 zaidi, na kuendelea hivyo hadi katikati. Dawa mojawapo ilikuwa trimethoprimu, ambayo pia imo ndani ya Septrin.

Bakteria walimaliza chakula cha pembeni, wakasonga, wakakwama kwenye mpaka wa dawa. Lakini wanapozaana, wachache hutokea wakiwa na mabadiliko katika chembe za urithi. Aliyeweza kustahimili dawa alivuka, akakuta chakula tele bila mshindani. Uzao wake ukaenea hadi mpaka uliofuata. Baada ya takribani siku 11, walifika katikati.

Kuna mafunzo mawili. Kwanza, dawa kidogo kidogo iliwapa ngazi ya kupandia. Waliotakiwa kuruka moja kwa moja hadi kwenye dawa kali kabisa walishindwa. Pili, waliokuwa sugu zaidi hawakuwa mbele kila mara. Wengine walizuiwa na wenzao waliotangulia kula chakula. Walipohamishiwa mbele, walistawi.

Mwili si sahani, lakini ndani ya utumbo pia bakteria hugombea nafasi na chakula. Ukimeza antibiotiki bila sababu, unaua wanyonge na kuwaachia sugu uwanja. Bakteria hao wanaweza kumfikia mwanao au jirani kupitia mikono michafu, maji au chakula.

Kwa hivyo:

• Usinunue antibiotiki bila kuandikiwa na mhudumu wa afya. Haziponyi mafua.
• Meza kipimo ulichopewa, kwa siku ulizoambiwa. Usigawane wala kuweka akiba.
• Mfugaji, mwone daktari wa mifugo kabla ya kudunga mnyama, na usiuze maziwa kabla ya siku alizokuagiza kwisha.
• Nawa mikono kwa sabuni, na utumie choo.

Ukiwa na swali, fika katika zahanati iliyo karibu nawe au umwulize mhudumu wa afya ya jamii kijijini mwako.